Tarehe 14 Agosti: Muge, Muliro na Video Niliyoifuta

Wasee, mwezi wa nane 2024 nilitoa video ya sekunde hamsini na kitu, ile ya maandishi mekundu na muziki wa kutisha chini. Kama ulikuwa ukinifuata wakati huo labda uliiona. Nilisema hivi: Askofu Alexander Muge alikufa tarehe 14 Agosti 1990. Masinde Muliro alikufa tarehe 14 Agosti 1992. Wamalwa Kijana naye akatuacha tarehe 14 Agosti 2003. Halafu nikaweka swali kubwa katikati ya skrini, "Sadfa? Sidhani," na nikakata hapo hapo bila kueleza chochote.

Ilitembea, manze. Kwa siku nne ilikuwa imepita kila kitu nilichowahi kuweka. Watu walikuwa wakiandika ati tarehe hiyo imelaaniwa, wengine wakijumlisha moja na nne wakapata tano, wakaanza kutafuta tano kila mahali. Mimi nilikuwa nimekaa chumbani kwangu Kitale nikihesabu watazamaji kama mtu anayehesabu magunia.

Shida ni kwamba tarehe mbili kati ya hizo tatu ni za kweli na moja ni uongo. Wamalwa Kijana hakufa tarehe 14. Alifia London tarehe 23 Agosti 2003, akiwa Makamu wa Rais kwa miezi kama minane tu. Mimi nilitoa hiyo 14 kwenye picha fulani iliyokuwa ikizunguka kwenye magrupu, ikanikalia vizuri kwa sababu tatu inatisha kuliko mbili, nikaiweka. Sikuangalia. Na huyu ni mtu wa kwetu, mbunge aliyewakilisha watu wa Kitale, tena mjini hapa wazee wengi wanaikumbuka ile wiki alipofariki. Mmoja tu angenitosha kuuliza.

Aliyenishika ni mjomba wangu. Kwetu ndugu ya mama tunamwita khocha, na khocha si mtu wa kubishana naye ovyo. Hakuandika komenti. Alinipigia simu akasema, "Panda gari uje Kimilili, na usije na hiyo simu ikiwa mkononi."

Nilipanda matatu asubuhi ya Jumamosi. Kama unaijua hiyo barabara ya Kitale kwenda Kiminini hadi Kamukuywa, kisha ukate Kimilili, unajua mwezi wa nane wa mwaka unaogawanyika kwa mbili gari haliendi haraka. Ni msimu wa tohara. Wavulana wako barabarani na chinyimba mikononi, zile kengele za chuma, wanaenda kuwaalika ndugu, nyuma yao kundi zima linaimba, na dereva hawezi kupiga honi. Anaweza, lakini atajuta. Tulisimama mara tatu. Mama mmoja kiti cha mbele alikuwa akiimba nao kupitia dirishani. Kwa Wabukusu, na ng'ambo ya mpaka kwa Wagisu wa Uganda, mwaka kama 2024 au 2022 ni mwaka wa kuingia jandoni, na mwaka kama 2023 ni mwaka wa kupumzika na kulipa madeni.

Nataja hii mapema kwa sababu itarudi.

Khocha alikuwa amekaa nje chini ya mwembe. Nilimsalimu, nikaketi. Hakuniuliza habari za Kitale wala za mama. Aliuliza, "Huyo Muge ulimjua ni nani?"

Nikasema askofu. Akasema, "Wa kanisa gani? Wa wapi? Alisema nini?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimewaambia maelfu ya watu kwamba kifo cha huyu mtu kina siri, na sikuweza kusema kazi yake kwa sentensi mbili.

Basi wacha niseme sasa, kwa sababu najua wengi wenu pia hamjui, na si kosa lenu.

Alexander Muge alikuwa askofu wa Kianglikana wa Dayosisi ya Eldoret kuanzia 1983. Miaka hiyo dayosisi hiyo ilifika hadi huku kwetu. Dayosisi ya Kitale ilikuja kukatwa kutoka kwake 1997. Kabla ya kuwa mtu wa kanisa alikuwa askari wa GSU, yaani alitoka kwenye kofia ya chuma akaingia kwenye kanzu. Labda ndiyo sababu hakuwa mwoga. Serikali ilipoleta uchaguzi wa mlolongo, ule wa 1988 ambapo watu walipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea huku kila mtu akikuona umesimama wapi, yeye alikuwa mmoja wa viongozi wa kanisa waliopinga hadharani. Alisema juu ya unyakuzi wa ardhi. Alisema juu ya njaa Pokot Magharibi wakati ambapo kusema kuna njaa kulionekana kama kuitukana serikali.

Sasa fikiria mwaka wa 1990 wenyewe. Mwezi wa pili, Waziri wa Mambo ya Nje Robert Ouko anapatikana ameuawa. Mwezi wa saba, tarehe 7, ni Saba Saba ya kwanza: Kenneth Matiba na Charles Rubia wameitisha mkutano Kamukunji kudai vyama vingi, wanawekwa kizuizini siku chache kabla, watu wanaenda hata hivyo, na wengi wanauawa. Nchi iko hivyo, moto haujazimika, halafu mwezi wa nane Waziri wa Kazi, Peter Okondo, anasimama na kutangaza kwamba Muge na mwenzake Askofu Henry Okullu wakikanyaga Busia huenda wasitoke hai. Hakunong'ona. Alisema hadharani, magazeti yakaandika.

Muge akaenda Busia.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Agosti 1990. Alihubiri, akazungumza na watu, akaanza safari ya kurudi Eldoret. Maeneo ya Kipkaren, kwenye ile barabara ya Webuye kwenda Eldoret, gari lake likagongana na lori. Akafa. Okondo alijiuzulu siku chache baadaye. Dereva wa lori alishtakiwa, akahukumiwa kifungo cha miaka saba.

Khocha alikuwa bado kijana mdogo, hajatahiriwa. Anasema habari zilifika Kimilili jioni kwa mdomo kabla ya kufika kwa redio. Watu walikuwa kwenye pombe ya tohara, 1990 ikiwa mwaka wa jando, na mzee mmoja akazima ngoma. Hiyo ndiyo anakumbuka: ngoma kunyamaza katikati ya wimbo, kitu ambacho hakifanywi.

"Na tarehe?" nikamuuliza.

"Tarehe sikuijua. Nilijua ni mwaka wa jando."

Halafu akahamia kwa Muliro, na hapo sauti yake ilibadilika kwa sababu huyu ni wa nyumbani. Mnamjua kwa jina la uwanja. Ule uwanja wa Kanduyi, Bungoma, ambapo Madaraka Dei ya tarehe 1 Juni 2024 ilifanyiwa na Rais akaja na ndege zikapita juu, ni Masinde Muliro Stadium. Kuna na chuo kikuu Kakamega. Nilikuwa kule Kanduyi siku hiyo, nikapiga picha na lango, na kama ungeniuliza Muliro ni nani ningesema "mwanasiasa wa zamani." Aibu.

Alizaliwa 1922 pande za Kimilili. Alisoma Uganda, kisha akaenda hadi Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, akapata digrii wakati ambapo Waafrika wenye digrii nchini mwetu ungeweza kuwahesabu. Akarudi akawa mwalimu. Mwaka wa 1957, Waafrika waliporuhusiwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao kwenye Baraza la Kutunga Sheria, aliingia akiwakilisha North Nyanza. Alikuwa naibu wa Ronald Ngala kwenye KADU. Baadaye akawa waziri chini ya Kenyatta, na hapa ndipo ninapompendea: mwaka wa 1975, bunge lilipoletewa ripoti kuhusu mauaji ya J.M. Kariuki, Muliro, akiwa waziri, alipiga kura pamoja na walioiunga mkono. Akafutwa kazi. Alijua atafutwa. Pia ni kati ya viongozi waliosukuma watu wetu wanunue mashamba ya walowezi Trans Nzoia, na ukiwauliza wazee wengi hapa Kitale walifikaje hapa jina lake halikosi kutajwa.

Mwaka wa 1991 alikuwa mmoja wa wale wazee sita waliojiweka mbele kuanzisha FORD: Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Bamahriz. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo kifungu cha 2A, kilichofanya KANU kuwa chama pekee tangu 1982, kikafutwa. Kwa hivyo mwezi wa nane 1992 nchi ilikuwa ikielekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, na FORD yenyewe ilikuwa imeanza kupasuka. Wengi waliamini Muliro ndiye angeweza kushika pande zote mbili.

Ijumaa, tarehe 14 Agosti 1992, asubuhi, alitua uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta akitoka London. Akaanguka pale pale uwanjani. Akafa, akiwa na miaka 70. Mwili wake haukufanyiwa uchunguzi wa kitabibu kabla ya kuzikwa. Miezi miwili hivi baadaye FORD ilikuwa imegawanyika rasmi, FORD-Kenya huku na FORD-Asili kule, na tarehe 29 Desemba Moi akashinda kwa karibu asilimia 36 ya kura.

Khocha ni wa jando la 1992. Kwa hivyo yeye haikumbuki hiyo Ijumaa kama habari za siasa. Anaikumbuka kama siku alizokuwa amelala na kidonda, amefungiwa nyumbani na wenzake, na kwa nje wanawake wakianza kulia, na wao ndani wakidhani ni mmoja wao amekufa. Walihesabiana. Wote walikuwa hai. Ndipo mtu akaja mlangoni akasema ni Muliro.

Nilitaka kurekodi hiyo sehemu. Simu ilikuwa ndani kwa nyumba.

Sasa turudi kwa kile nilichosema kwenye video, kwa sababu kuna mmoja hapa tayari anasema, "Lakini si ni kweli ni tarehe moja?" Ni kweli. Miaka miwili kamili, siku ile ile, na wote wawili walikuwa mwiba kwa serikali moja. Mwili unasisimka. Mimi pia ulinisisimka.

Lakini chukua matatu ya watu 14. Unafikiri kuna uwezekano gani wawili kati yao wawe wamezaliwa tarehe moja? Siku ziko 365 na watu 14 tu, kwa hivyo wengi husema karibu sifuri. Ukikokotoa inakuja karibu 22 kwa 100. Ukiongeza hadi watu 23, inapita nusu. Darasa la watu 50, darasa la kawaida kabisa la shule ya hapa kwetu, ni 97 kwa 100. Sababu ni kwamba huhesabu mtu mmoja mmoja, unahesabu jozi. Watu 14 wanatoa jozi 91. Watu 50 wanatoa jozi 1,225. Kila jozi ni bahati nasibu yake.

Sasa chukua viongozi wote waliokufa Kenya tangu uhuru, maaskofu, wabunge, mawaziri, wanaharakati. Jozi ni maelfu kwa maelfu. Kama hakuna hata wawili waliofariki tarehe moja, hiyo ndiyo ingekuwa ajabu ya kuita waandishi wa habari. Mimi sikuichagua 14 Agosti kwanza kisha nikangoja nione nani atakufa. Nilianza na vifo viwili vilivyogongana, kisha nikajifanya nimegundua kitu. Ni kama kurusha jiwe kwenye mti, halafu uende uchore duara pale lilipogonga.

Na ukitaka kuongeza, tarehe 14 Agosti haina uhaba. Pakistan inasherehekea uhuru wake siku hiyo, tangu 1947. Siku hiyo mwaka wa 1941 Roosevelt na Churchill walitoa ule Mkataba wa Atlantiki wenye maneno kuhusu haki ya watu kujichagulia serikali, na Waafrika wa rika la Muliro waliyashika hayo maneno na kuwauliza wakoloni, je, na sisi? Ningeweza kutengeneza video tamu sana hapo, kutoka meli ya kivita baharini hadi uwanja wa ndege Embakasi. Ingetembea. Ingekuwa takataka pia.

Kuna tarehe zinazofanana kwa sababu mtu aliamua zifanane, na hizo ni mambo mengine kabisa. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 na ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Hiyo si sadfa, ni mtu alikaa na kalenda. FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na Msumbiji ikatangaza uhuru tarehe 25 Juni 1975. Walichagua. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na UNESCO ilipotafuta siku ya Kiswahili duniani ikaangukia hiyo hiyo kwa sababu ya historia ya Nyerere na lugha hii. Sisi vijana tulipotoka tarehe 7 Julai 2025, tulitoka kwa sababu ya 1990, na bado watu zaidi ya thelathini hawakurudi nyumbani. Hapo tarehe ni ujumbe. Mtu anakwambia, nakumbuka, na nataka ujue nakumbuka.

Halafu kuna ile nyingine: 25 Juni 2024, siku tuliyoingia bungeni, haikuwa na uhusiano wowote na Msumbiji. Ni siku tu mswada wa fedha ulipopigiwa kura. Lakini 25 Juni 2025 ilikuwa na uhusiano na 25 Juni 2024, kwa sababu sasa ilikuwa imeshakuwa tarehe. Unaona inavyoenda? Ya kwanza inaanguka yenyewe. Ya pili inawekwa na watu.

Serikali nazo zinajua huu mchezo. Tarehe 20 Oktoba 1952 ndiyo siku hali ya hatari ilitangazwa na Kenyatta na wenzake wakakamatwa, kisha wakapelekwa kushtakiwa Kapenguria, hapa juu yetu tu, mbali na macho ya Nairobi. Kapenguria hakukuwa na pa kulala, kwa hivyo mawakili na waandishi wa habari walikuwa wakilala Kitale na kupanda huko kila asubuhi. Hiyo tarehe ikawa Kenyatta Dei, na tangu katiba ya 2010 ni Mashujaa Dei. Tarehe 10 Oktoba ilikuwa Moi Dei, ikaja ikawa ya Utamaduni, leo ni ya Mazingira, na tunapanda miti. Tarehe inabaki, jina linafutwa na kuandikwa tena kama ubao wa darasani.

Tarehe 14 Agosti hakuna aliyeichukua. Si sikukuu, na sijawahi kuisikia ikitajwa shuleni. Kwa hivyo iliachwa tu pale, na mimi nikaiokota na muziki wa kutisha.

Hili ndilo nimekuwa nikilifikiria tangu Kimilili. Kwa nini video yangu iliaminika haraka vile? Si kwa sababu watu wetu ni wajinga. Ni kwa sababu waziri aliahidi kifo na kifo kikaja ndani ya wiki hiyo hiyo, na kilichofuata mahakamani kilimhusu dereva peke yake. Ni kwa sababu mzee mkubwa wa upinzani alianguka mwaka wa uchaguzi na hakuna daktari aliyepasua mwili akaandika karatasi watu waisome. Pale ambapo ingekuwa ripoti kuna nafasi wazi. Basi watu wanaweka walicho nacho, na walicho nacho ni tarehe. Tarehe inageuka kuwa ushahidi kwa sababu ushahidi wenyewe haukuwahi kutafutwa ipasavyo.

Khocha mwenyewe haamini Muliro aliuawa. Nilishangaa. Alisema, "Mzee wa miaka sabini, amekaa kwa ndege usiku kucha, chama kinamvunjikia mkononi. Moyo unaweza kusimama." Kwa Muge anaamini tofauti, na akasema hivyo bila kupaza sauti. Yaani mtu aliyekuwepo, aliyelia, anaweza kuvitenganisha hivi vifo viwili na kumpa kila mmoja uzito wake. Ni mimi, niliyezaliwa miaka mingi baadaye, niliyevifunga pamoja kwa kamba moja.

Na hapo ndipo nilielewa kitu kuhusu kalenda ya khocha. Yeye hana 14. Ukimuuliza, atakwambia Muge alikufa jando la tisini na Muliro akafa jando la tisini na mbili. Wabukusu wamekuwa wakihesabu muda hivyo tangu zamani, kwa marika, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi na kuendelea hadi mzunguko unarudi, na ndani ya rika watu wa mwaka fulani wanaweza kupewa jina la jambo lililotokea mwaka wao. Kwa hiyo hivi vifo viwili havikuhitaji tarehe ndiyo vikumbukwe pamoja. Vyote viliangukia msimu ambao kila mtu wa Bungoma na nusu ya Trans Nzoia anajua alikuwa wapi, alikuwa kwa nani, nani alikuwa akipakwa matope mtoni alfajiri. Vifo vya mwezi wa nane wa mwaka wa jando vinashika kichwani kuliko vingine. Wamalwa alikufa 2003, mwaka usio wa jando, na hata mimi niliyezaliwa kwenye mji wake nilikosea tarehe yake. Sijui kama hiyo inanitetea. Haiwezi.

Niliifuta video jioni hiyo hiyo nikiwa bado Kimilili, mtandao ukisumbua. Nikatoa nyingine yenye tarehe sahihi, bila muziki, nikieleza Muge alikuwa nani na Muliro alikuwa nani, dakika tatu. Ya kwanza ilikuwa imepata watu zaidi ya elfu arobaini. Ya pili ilipata mia sita na kitu. Kati ya hao mmoja aliandika kwamba ya kwanza ilikuwa kali kuliko hii. Mwingine, ambaye simjui, aliandika tu kwamba baba yake alikuwa Busia kanisani siku ile, na kwamba ndiyo mara ya kwanza ameona mtu wa umri wake akilitaja jina hilo.

Nilimtumia khocha ya pili aitazame. Alinyamaza siku mbili. Halafu akanipigia. "Umemsahau dereva."

Nikasema nimemtaja, miaka saba.

"Alifia gerezani," akasema. "Alitumikia mitano. Na huyo pia ana watu waliomlilia. Huyo mmemwekea tarehe gani?"

Sikuwa na jibu. Mimi nilikuwa nimetafuta mtu wa tatu wa kuongeza kwenye hiyo hadithi hadi nikambandikia Wamalwa tarehe isiyo yake, na mtu wa tatu alikuwa ndani ya hadithi tangu mwanzo, ameshika usukani.

Mwaka huu wa 2026 ni mwaka wa jando tena, na mtoto wa khocha wa mwisho anaingia. Juzi nilifungua kalenda ya simu nipange likizo, nikaona tarehe 14 Agosti mwaka huu ni Ijumaa, kama ilivyokuwa 1992. Nywele zilisimama, nasema ukweli. Halafu nikacheka peke yangu, kwa sababu tarehe yoyote huangukia Ijumaa kila baada ya miaka mitano au sita, wakati mwingine kumi na mmoja, ni hesabu tu za mwaka mrefu na mwaka mfupi. Lakini kidole kilikuwa tayari kimefungua kamera.

Nilimpigia khocha kumuuliza kama siku imeshapangwa. Akasema bado, inategemea wajomba wa kijana watatoa ng'ombe lini, kwa sababu hawezi kwenda kwao kuchukua luliki shingoni kabla ng'ombe hajachinjwa, na hao wajomba ni watu wa polepole. Akaniambia nije mapema nisaidie kubeba viti.